Kaka wa Sufi na Sikio Lililokunjwa

"Kaka alikuwa mtu, dada, hakuwa godoro la wageni! Hebu mtoe hivyo vifungo kifuani!"

"Nikivitoa, sufi yote itateremka tumboni, aonekane mjamzito. Ndivyo unavyomtaka mwanajeshi wetu?"

Mdogo wake, Kinyozi, akafungua mdomo ajibu, akapiga chafya badala yake. Chumba cha mbele kilikuwa kimejaa sufi, inaelea, inatua juu ya meza, juu ya cherehani, juu ya nyusi zao, mpaka dada na mdogo wake wakaonekana wazee kuliko mama yao aliyelala chumba cha nyuma. Na katikati yao, kwenye kiti, kaka yao mkubwa ameketi wima, kajazwa vizuri, hana neno.

Dada mtu ndiye Mama Godoro. Mtaa mzima unalalia kazi ya mikono yake. Yupo bwana mmoja aliyejilaza kwenye godoro lake Jumatatu akaamka Jumatano, akaja kumgombeza kwa kuwa amefukuzwa kazi. Lakini mikono ile inajua njia moja tu: jaza, kandamiza, piga kifungo. Basi na kaka naye alijazwa, akakandamizwa, akapigwa vifungo.

Kaka mwenyewe, yule wa nyama na mifupa, wapo wanaosema alikuwa na urefu wa kawaida. Waongo hao, msiwasikilize. Alikuwa akiingia mlangoni kwa zamu: yanatangulia magoti, kinafuata kifua, halafu kichwa kinafika baadaye kama mgeni aliyepotea njia. Akikohoa, mbwa wa mtaa wa pili wanamjibu. Ila kuamkia hakujua. Anaingia kimya, moja kwa moja kwenye sufuria, na mama yake anamdaka sikio, lile lile kila siku: "Unaingia kama paka, huamkii?" Sikio likazoea, likajikunja moja kwa moja kama jani lililopigwa na jua.

Vita vikamchukua. Wakaja wanajeshi wawili, kofia kwapani, wakasema ameanguka ng'ambo ya mto. Mama akauliza ni wapi hapo, aende akaketi naye kidogo. Wakatazama kofia zao. Mto wenyewe hawakuweza kuutaja, sembuse kaburi.

Mama alitaka kitu kimoja tu: mahali pa kuweka mkono. Alipolikosa kaburi la mwanawe, akaazima la mtu. Alichagua moja zuri, limefagiliwa, akawa anakwenda na fimbo yake, anaweka kiganja, anampa mwanawe habari za nyumbani: paa limeanza tena kuvuja, mdogo wako juzi nusura amnyoe mteja na pua. Kumbe mjane wa kaburi lile amejibanza nyuma ya ukuta, anasikia mumewe anaitwa "roho yangu, kipenzi changu."

"Nilijua!" mjane akaruka. "Nilijua ana mwanamke mwingine! Lakini jamani, ndiyo huyu?"

Mama, asiye na jino hata moja, akamwambia amchukue mume wake, hana faida. Ameongeleshwa siku zote hizo hajachangia hata neno moja. Fimbo ikafanya kazi, kilemba kikaruka, watu wakaja kuamua ugomvi. Tangu hapo mlinzi wa makaburi akimwona anafunga geti.

Sisi wa mtaani tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mama Godoro hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa akiona kilichofuata nyumbani: mama hakumtaja tena mwanawe. Alikula nusu sahani, akalala mapema, na mkono ukawa unapapasa blanketi usiku kucha kama mtu aliyeangusha kitu kidogo. Mkono ule ndio uliomshinda. Akachukua shazia yake, ile sindano ndefu ya magodoro, akaanza kumshona kaka yake.

"Mistari hii je?" Kinyozi hakuwa amemaliza. "Uso mzima una mistari! Kaka au punda milia?"

"Ndicho kitambaa nilicho nacho. Na mama macho yake unayajua, atamwona kwa mkono. Wewe niambie kuhusu nywele. Za nani hizi?"

"Za wateja. Za leo hii, mbichi kabisa."

"Na hizi nyekundu?"

"Huyo alijipaka rangi. Nimezificha kwa nyuma."

Mama Godoro akashusha pumzi. Shati tu ndilo lilikuwa la kaka kweli, lile lililoachwa kwenye msumari siku aliyoondoka, na kola yake mama aliishona tena kwa mkono.

"Dada," Kinyozi akasema, sauti imeshuka. "Akidhani tunamdhihaki je?"

"Basi tutakuwa tumempoteza mara mbili. Ndiyo maana nataka sikio liwe sawa. Na sikio lililokunjika ni la kulia."

"La kushoto! Ndiyo maana nimekufanya ulihamishe!"

"Umenifanya nilihamishe mpaka kitambaa kimechanika, sasa limeshikwa na uzi mmoja! Mama alimvutia nyuma, ameinama kwenye sufuria. Mkono wa kulia, sikio la kulia."

"Alimgeuza kwanza! Akamtazama usoni, ndipo akavuta!"

"Inama."

"Niiname wapi?"

"Hapo kwenye ndoo. Hiyo ndiyo sufuria. Wewe ndiye kaka. Kula."

Kinyozi, baba wa watoto, mwenye duka lake na kioo chake, akainama akala hewa ndani ya ndoo. Mama Godoro akamjia kwa nyuma, akamdaka sikio, akavuta kama anavyokaza kamba ya godoro.

"Yalaaa! Dada, linatoka!"

Mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka.

Wote wawili wakaganda, Kinyozi ameinama, dada kamshika sikio. Fimbo ikaja ikigonga sakafu, ikagonga kiatu cha mtu aliyeketi, ikasimama. Mama akateremsha mkono. Ukashika goti, ukapanda, ukakutana na kola ya shati, na hapo ukakaa. Kidole kikafuata mshono, taratibu, mwanzo mpaka mwisho. Kisha ukashuka kwenye vifungo vya kifua, ukapanda usoni, ukapita mistari bila kuijua, ukaingia kwenye nywele za wateja, ukateremka upande wa kushoto.

Mama akajinyoosha, kama alivyokuwa akijinyoosha zamani.

"Unaingia kama paka," akasema, "huamkii?"

Akavuta. Na Mama Godoro, sikio la mdogo wake bado limo mkononi, hakutazama kingine chochote ila ule uzi mmoja.