Jembe la Laiton Lilivyosogea Nyumbani Kwetu

Enzi zetu mtu hakuingia tu nyumbani kwa watu kama upepo. Alionekana kwanza kule chini barabarani, mbwa wakabweka, akasimama. Akakohoa. Akapiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa kidogo, mpaka mwenye mji aseme neno. Ndipo akasogea. Ninyi mliokulia Mbozi wakati wa Mwingereza, mkanywa togwa ya ulezi watoto wanne kibuyu kimoja, haya mnayajua.

Ninayaandika kwa sababu ya mjukuu wangu Upendo, anayesomea ualimu. Alikuja likizo na kazi ya Kiingereza. Wana neno lao la kumwendea mtu, na wameambiwa watafute maneno yanayofanana nalo, na jinsi watu wanavyoyatumia kila siku. Akaniuliza, "Bibi, hata sisi tuna kusogea, kukaribia, kujongea. Si ni kitu kimoja?" Mimi niliishia darasa la pili kwa mwalimu Yotamu, lakini hapo nilicheka mpaka kikohozi kikanishika. Kitu kimoja! Sisi kwa maneno hayo tuliozesha dada.

Kunyemelea, kwa mfano, kulikuwa kazi yetu watoto. Baada ya kuvuna ulezi, mimi, Lusia na Eneles tulinyemelea kware kwenye mabua, tumbo chini, umande umetulowesha mpaka kifuani. Hatukupata hata mmoja, maana Eneles alikuwa na mafua mwaka mzima, na chafya yake ilisikika mpaka misheni. Kujongea kulikuwa kwa moto. Ile baridi yetu ya mwezi wa sita mnaikumbuka, midomo inapasuka mpaka unaogopa kucheka. Mama alisema, "Jongeeni, lakini moto nao uachieni nafasi ya kupumua." Kanisani pia watu wazima walijongea meza ya Bwana, polepole, macho chini, hata yule mzee Mesheki ambaye siku nyingine alitembea kama anafukuzwa. Na kumwendea mtu kulikuwa na shida ndani yake. Baba yangu, Yohana Nzunda, hakuendewa kabla hajala. Aliyemwendea na njaa yake alirudi na jibu la njaa.

Sasa, dada yangu Tabita aliposwa na Laiton, kijana wa upande wa pili wa kilima, aliyekuwa migodini ng'ambo ya mpaka kwa miaka mingi. Mshenga wake alikuwa mzee Asheli, mtu mpole, mwenye jino moja la mbele na maneno mengi. Asheli alikuwa amekwisha kuja kama inavyotakiwa, amekaa ukingoni mwa uwanja, ameleta nguo, na dada ameipokea. Kilichobaki ni baba kukubali. Na mnajua desturi: tangu hapo Laiton na mama yetu hawakupaswa kuonana uso kwa uso. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini.

Siku hiyo mama alikuwa nje ya jikoni anasaga ulezi kwenye jiwe. Tukasikia kengele. Laiton huyo, juu ya baiskeli mpya, suruali pana kama magunia mawili, anateremka kilima, anavuka barabara, anapanda moja kwa moja, anapita mahali pa kukohoa, anapita mbwa, mpaka mbele ya jiwe la mama. Akanyoosha mkono kabisa! "Mulishani, mama!" Salamu ya Kibemba cha migodini, na meno yote nje.

Mama alijifunika uso kwa kaniki akakimbilia ndani. Unga ukabaki, kuku wakala sikukuu.

Baba aliporudi akaambiwa. Hakupiga kelele. Alimwita mzee Asheli, akamkalisha, akasema, "Asheli, huyu mtu wako hakusogea. Ametuvamia. Kama anaingia hivi kabla hajawa mkwe, akishakuwa mkwe si nitamkuta amelala ndani ya kihenge changu?"

"Ni furaha tu, Nzunda," Asheli akasema. "Furaha ndiyo ilikanyaga pedali."

"Basi furaha hiyo irudi barabarani ianze upya. Safari hii ije na jembe."

Maana yake tuliielewa wote. Shamba letu la mahindi lilianzia barabarani, likapanda mpaka kwenye migomba nyuma ya jikoni. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha. Laiton alime matuta kutoka kule chini mpaka nyumbani, peke yake, na baba ataona anavyofika. Akichoka, arudi ng'ambo, na dada afute jina lake kichwani.

Dada Tabita hakulia. Alichukua chungu kisafi akakiosha, akamaliza, akakiosha tena.

Kesho yake jogoo hajamaliza kuwika tukasikia jembe mbali. Vijana walipita barabarani wakimcheka. "Laiton, migodini mlilimia kijiko?" Naye akajibu bila kuinuka, "Nipisheni, nina safari." Siku za kwanza mikono yake ilitoka malengelenge, akaifunga matambara. Baiskeli hatukuiona tena.

Basi nyumbani kwetu habari ikawa moja. Tukitoka kuchota maji mama anauliza, bila kututazama, kana kwamba anauliza habari za mbuzi, "Yule amefika wapi?" Hakutaja jina, mkwe hatajwi. Nasi tunajibu, "Amesogea, mama. Amepita kichuguu." Siku nyingine, "Hajasogea, mvua imemzuia." Hapo dada hali vizuri. Baba naye alijifanya hasikii, lakini jioni alishuka peke yake kukagua matuta. Mara moja tu nilimsikia akisema kwa mama, "Matuta yamenyooka." Mama akasema, "Mimi sijauliza." Na alikuwa ameuliza asubuhi hiyo hiyo!

Alipokaribia mibuni yetu michache ya kahawa, chini ya migomba, tulianza kumsikia akihema. Alipokaribia migomba tulisikia akiimba nyimbo za ng'ambo, na mama aligeuza jiwe lake asage akimpa mgongo, lakini hakuhamia mbali. Kidogo kidogo mkono wake ukawa unafuata mapigo ya jembe lile. Ninaapa, mama alikuwa anasaga kwa jembe la Laiton.

Ikafika siku ya tuta la mwisho. Baba alikaa mlangoni, hataki hata kunusa tumbaku. Dada alikuwa jikoni, nami ninamwona anavyoshikilia nguzo. Kutoka tuta lile mpaka jikoni ni pua na mdomo. Angeweza kuvuka tu, amechoka, ana haki yake. Laiton akamaliza. Akalaza jembe chini. Akatugeuzia mgongo, akachuchumaa, akapiga makofi, taratibu, viganja vimekunjwa. Akasubiri.

Baba akamtazama mama pale kwenye jiwe lake. Kumbe alikuwa anamsubiri yeye, maana ni yeye aliyevamiwa.

Mama akachota togwa, akanipa kibuyu. Mikono yake ilikuwa na unga mpaka viwikoni. Akasema kwa sauti, ili isikike mpaka kwenye migomba, "Mpelekee mtu huyo anywe. Umwambie asogee, mji huu una wenyewe na wenyewe wapo."

Nilimpa kibuyu. Alikunywa kwa kukohoa, machozi na togwa vimechanganyika, na nyuma yangu nikasikia chungu kimeanguka jikoni. Tabita alikuwa ameachia nguzo.

Juzi Upendo alileta mchumba wake kututembelea. Gari liliingia mpaka barazani, likageuzia kwenye maua yangu. Kijana akashuka, akanikumbatia kabla sijafunga kilemba vizuri. "Bibi, mambo!" Nikasema poa, nifanyeje? Ni kijana mzuri, anacheka vizuri, na ugali wangu alimaliza. Nikampenda. Lakini walipoondoka nilikaa nikawaza. Laiton alipofika kwetu tulikuwa tumeshamngoja siku nyingi, kila mmoja kwa moyo wake, hata mama ambaye hakuruhusiwa kumtazama. Huyu wa Upendo alifika kabla sijapata nafasi ya kutamani afike.