Sura ya diwani kwenye ukuta wangu

Bannange, jamani, leo diwani wetu amelia machozi mbele ya saluni yangu, na kosa ni letu.

Wiki jana watu wa jiji walipita hapa mtaani kwetu Kamwokya, wakapiga X nyekundu kwenye vibanda vyetu vyote. Tubomolewe, lijengwe ghorofa.

Hajati, jirani yangu wa chapati, akasema: "Mwanangu, nani atathubutu kubomoa sura ya mheshimiwa?"

Basi tukatoa zile picha za kampeni zilizobaki, tukapika uji wa muhogo, tukabandika. Kila X ikafunikwa na tabasamu la diwani.

Leo kaja mwenyewe.

Kuangalia kushoto, anajiona. Kulia, anajiona. Macho yakajaa machozi.

"Ndugu zangu, kumbe mnanipenda hivi!"

Hajati anageuza chapati ambayo ameshaigeuza mara nne.

Halafu mheshimiwa akataka apigwe picha pale mlangoni kwangu. Kona ya karatasi ilikuwa imejikunja, akainyoosha taratibu...

Ikabanduka yote. (Uji ulikuwa mwepesi. Nilimwambia Hajati!)

X hiyo hapo, kubwa, nyekundu, sote tunaitazama.

Nikaanza kuomba msamaha. Mheshimiwa akageuka kuangalia kama wapambe wake wanasikia, kisha akaniinamia sikioni:

"Nyabo, dada yangu, picha zimebaki ngapi? Hata ukuta wa nyumba yangu wameupiga X."

Nyinyi mngefanyaje?

Mimi nimempa tatu. Uji atapika mwenyewe.