Stempu Zilizoanikwa Mkekani

Novatus Mayala hakugusa bahasha zake kabla ya kunawa mikono kwa sabuni na kuikausha kwa taulo lenye msumari wake peke yake ukutani. Taulo hilo hata mgeni hakupewa. Mke wake, Milembe, alilifua kila Jumamosi na kulirudisha pale pale, na katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kuuliza kwa nini karatasi zishikwe kwa uangalifu kuliko mtoto mchanga. Aliona mume wake anazipenda, akaona inatosha.

Novatus alifundisha jiografia Bariadi mpaka alipostaafu. Bahasha ya kwanza alipewa na Padre Marcelo akiwa bado kijana, na tangu hapo hakupona. Stempu mpya ya kumbukumbu inapotoka, posta za Ulaya huibandika siku hiyo hiyo kwenye bahasha yenye picha inayoendana nayo, kisha huigonga muhuri wenye tarehe ya siku ile ya kwanza. Mara nyingi ndani hamna kitu. Novatus aliandikiana na wakusanyaji wa huko, akawatumia stempu zetu za tembo na twiga, nao wakamletea reli za Uswisi, ndege wa Ufini, makanisa ya Ujerumani. Zote alizitia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, akalifunga kwa kufuli.

Shemeji yake Mboje, kaka yake Milembe, kila alipokuja kutoka kijijini kwao Sola alikuwa na la kusema.

"Shemeji, wenzako wanakusanya ng'ombe, wewe unakusanya barua. Tena barua zisizo na barua ndani!"

"Ng'ombe wako ukame ukija wanakufa. Hizi hazili nyasi."

"Hazili, lakini umewahi kuzikamua?"

Milembe alicheka akijiziba mdomo kwa kanga. Novatus naye alicheka, ila si sana. Utani ule ulikuwa unamuuma kuliko alivyoonyesha, maana hata walimu wenzake walimwita Mzee wa Bahasha, na uzee ulipoanza kumkaribia alianza kujiuliza kama kweli hakuupoteza umri wake kwenye mchezo wa watoto. Akataka kitu kimoja tu kabla ya kufa: mtu anayejua azitazame, aseme kwa mdomo wake kwamba zile bahasha ni kitu.

Mtu huyo akapatikana. Bwana Lusajo alikuwa mtumishi wa serikali Mwanza, mkusanyaji tangu ujana wake, naye ndiye aliyekuwa akichagua za kwenda kwenye maonyesho ya stempu Dar es Salaam. Alikubali kuja Bariadi kuzitathmini.

"Baba Harieth," Milembe aliuliza usiku wa kuamkia siku hiyo, "huyo mgeni anakuja kufanya nini hasa?"

"Kuziangalia. Kuona ni za daraja gani."

"Na mimi nisaidie nini?"

"Wewe pika tu."

Maneno matatu. Mwalimu aliyewaeleza watoto wa watu milima na mito ya dunia nzima hakuona haja ya kumweleza mke wake kilichomo chini ya kitanda walichokilalia. Wapo wanaume wengi wa namna hii, na huwa wanajiona wapole kwa sababu hawapigi.

Asubuhi Novatus hakuweza kukaa nyumbani kungoja. Alichukua bahasha moja ya Ureno, akaitia katika mfuko wa koti pamoja na kibano chake, akaondoka kwenda Lamadi kumpokea mgeni njia panda. Kwa haraka yake aliacha ufunguo ukining'inia kwenye kufuli.

Milembe alikuwa mtoto wa wakulima wa pamba. Tangu akiwa msichana alijua kwamba kitu kinachokwenda kupangiwa daraja hakipelekwi kama kilivyo. Kabla ya pamba kufika kwenye mizani, familia nzima hukaa mkekani kuichambua: jani linatolewa, takataka inatolewa, yenye doa inawekwa kando kama fifi, ile ya daraja la chini. Mwanamke ambaye pamba yake inarudishwa kwa uchafu mbele ya watu hulia njia nzima. Na leo pamba ya mume wake ilikuwa inakwenda kwenye mizani. Alivuta sanduku, akanawa mikono kwa sabuni kama alivyomwona yeye akifanya, akaenda kuteka maji.

Huko Lamadi, ndani ya gari, Lusajo aliishika ile bahasha ya Ureno kingoni, akapiga mluzi. "Mzee Mayala, haina hata kunjo. Kama zote ziko hivi, basi umekalia hazina."

Njia nzima Novatus alikuwa akitabasamu kama bwana harusi.

Walipoingia uani, mkeka ulikuwa umetandikwa juani. Juu yake stempu zilikuwa zimepangwa mistari kwa mistari, kila moja imewekewa kijiwe isipeperuke. Pembeni palikuwa na beseni la maji ya sabuni yaliyogeuka samawati kwa wino, na ndoo ambamo bahasha zilikuwa zinakuwa uji. Milembe alisimama mlangoni na gauni lake la kitenge la kanisani, akawaamkia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mgeni wetu, karibu! Baba Harieth, njoo uone. Nimezichambua zote. Makaratasi mengine yalikuwa yameanza kuwa ya njano, na hizo stempu walizipiga wino mchafu. Mwingine umekataa kutoka, ila nimejitahidi."

Lusajo aliinamisha kichwa. Yeye alijua, na Novatus alijua, kwamba thamani yote ilikuwa katika vile vitatu kukaa pamoja: stempu, bahasha na muhuri wa siku ile. Vikitenganishwa, kinachobaki ni kipande cha karatasi ambacho mtoto wa Ulaya anaweza kukibandua kwenye barua ya shangazi yake.

Novatus aliichungulia ndoo. Kisha akasema, mbele ya mgeni, kwa sauti ya darasani:

"Hivi miaka yote hii nimeishi na mtu, au nimeishi na mbuzi?"

Milembe alitazama mkeka, akatazama uso wa mgeni, na uso wa mgeni ukamweleza. Akaingia ndani, akatoka na maji ya kunawa, akamnawisha Lusajo, kisha mume wake, akawaandalia kuku na wali. Mikono yake ilikuwa na mikunjo ya mtu aliyeshinda ndani ya maji. Lusajo alikula, akashukuru, akasema stempu zile ni nzuri. Aliposindikizwa kwenye gari alimshika Novatus bega. "Pole, mzee. Lakini yule mama kazi ile ameifanya kwa moyo." Novatus alisikia, asitake kuelewa.

Akaanza kununa. Alikula akiwa amempa mkewe mgongo, akajibu salamu kwa kukohoa. Taulo likaendelea kufuliwa na kurudishwa msumarini, ingawa halikuwa na kazi tena. Pamba ilipopasuka Milembe aliaga kwamba anakwenda Sola kumsaidia kaka yake kuvuna. Mavuno yakaisha, yeye hakurudi.

Nyumba tupu ikamfundisha Novatus alichokataa kufundishwa. Alikwenda Sola na ile bahasha ya Ureno mfukoni.

Walimpokea vizuri, na hilo ndilo lililomtisha. Milembe aliinuka mkekani alipokuwa akichambua pamba, akapiga goti, akamwamkia, akamletea kiti cha wageni. Mboje, mtu wa utani, hakutania hata kidogo; alisalimia akaenda zake zizini.

"Nimekuja kukueleza," Novatus alisema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao akamweleza: muhuri ni wa nini, tarehe ni ya nini, kwa nini havitenganishwi. Milembe alinawa mikono, akaikausha kwa kanga yake, akaipokea bahasha kwa kingo, kama alivyomwona yeye akifanya.

"Hawa wanawake kwenye stempu wanafanya nini?"

"Wanafuma. Ni kumbukumbu ya kiwanda cha nguo."

"Wanafuma nini?"

"Pamba."

Aliisogeza karibu na macho. "Pamba ya wapi?"

"Sijui. Ya Afrika huenda imo. Huenda hata ya kwetu."

"Ilikuwa chini ya kitanda," Milembe alisema polepole. "Miaka yote hiyo ilikuwa pale. Ungenionyesha hii moja tu, ningezilinda zote."

Novatus alisema, "Nisamehe. Turudi nyumbani, Mama Harieth."

"Nimekusamehe siku nyingi." Alimrudishia bahasha kwa mikono miwili. "Itunze vizuri, mwalimu. Njiani kuna vumbi."

Mwalimu. Ndivyo walivyomwita wanafunzi na majirani na watu wa sokoni. Milembe hakuwahi kumwita hivyo. Kisha alirudi mkekani, akakaa, akavuta lundo la pamba ya mwisho ya kaka yake, akaendelea kuichambua.