Siku Nilipolifuta Neno "Unalia"

Siku moja ninaikumbuka kwa rangi yake, mwanangu: ilikuwa nyekundu, kwa sababu ya kalamu niliyokuwa nimeishika. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu miezi michache tu nyuma, shahada yangu ya Kiswahili ingali inanukia wino, na ajira ilikuwa haijanijia. Nikaenda kukaa na mama yangu Mwakitolyo, alikokuwa akiwapikia wachimbaji wali na maharage, na ambako mdogo wangu Masanja alishuka kila asubuhi katika shimo la dhahabu ambalo wenyewe huliita duara.

Nakusimulia haya kwa kuwa Masanja huyo sasa ana binti, Kabula, na wiki hii binti yuko kwangu hapa Kalangalala akijiandaa kwa mtihani wa kidato cha sita. Meza yangu ya kulia chakula imefunikwa na karatasi zake: tamathali za semi upande huu, ngeli upande ule, bahari za ushairi katikati, na chini ya sahani ya matunda, insha tatu zinazongoja jicho langu. Jana aliniuliza swali dogo. Swali hilo ndilo lililonirudisha kwenye kalamu nyekundu.

Kule Mwakitolyo waliniita Madamu. Sikuwa madamu wa mtu yeyote, lakini jina lilinipendeza. Nilipowasikia wakivuta kamba ya kumpandisha mwenzao huku wakiimba, nilisimama kando nikihesabu silabi kwa vidole. Wimbo wenyewe ulikuwa huu:

Vuta taratibu, kamba ina mtu.
Vuta.
Mtu ana mama.
Vuta.

"Mizani haijatimia," niliwaambia walipopumzika. "Mstari wa kwanza una silabi kumi na mbili, wa pili una mbili, wa tatu sita. Vina navyo havipo kabisa."

Wakacheka. Mmoja akasema, "Madamu, ukivipata hivyo vina, vitupie humu, tutavitumia kama ngazi."

Aliyeongoza duara lile ni Mzee Shija, mtu mfupi, mkimya, aliyekuwa amechimba tangu ujana wake. Yeye hakucheka. Alinieleza kwa utaratibu kwamba pale ninapoona mstari umepungua ndipo mikono inapobadilishana kamba. "Tukijaza hapo maneno," alisema, "tutapendeza, na mtu ataanguka." Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sikuwa nimeelewa, na debe tupu haliachi kuvuma.

Basi asubuhi ile ya kalamu nyekundu, Mzee Shija alikuja mahali mama alipokuwa akipikia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatoa kwenye mfuko wa shati karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Ng'wanawane," aliniita, mwanangu kwa Kisukuma, "hii ni barua ya kwenda ofisi ya madini. Nimeiandika mwenyewe. Wewe umesoma, nitazamie kama imekaa sawa."

Nimeihifadhi kichwani neno kwa neno: "Mwamba wa duara letu unalia. Juzi umelia mala mbili, jana mala tano. Naomba mpimaji aje kesho. Watu nimewazuia kushuka, lakini hawatazuilika siku nyingi. Shija, msimamizi."

Kitu cha kwanza nilichokiona ni "mala". Sisi wa huku Usukumani, ndimi zetu huigeuza r kuwa l bila kuomba ruhusa, na mimi niliyejikosoa kwa jasho chuoni sikuwa na huruma kwa ambaye hakujikosoa. Nikaizungushia duara jekundu mara mbili. Kisha nikafika kwenye "unalia", nikatabasamu.

"Mzee, hii inaitwa tashihisi. Umekipa kitu kisicho na uhai sifa ya binadamu. Ni nzuri katika shairi, lakini barua rasmi haiwezi kusema mwamba unalia. Mwamba haulii."

Alinitazama. "Haulii?"

"Haulii, mzee."

"Simu yako ikilia, huwa unaipelekea kitambaa ifute machozi?"

Mama akacheka hadi mwiko ukamponyoka. Mimi nilicheka kidogo, kwa adabu, na sikusimama kujiuliza. Laiti ningesimama! Kwa maana katika lugha yetu kengele hulia, ngoma hulia, tumbo hulia, na hakuna anayedhani vimefiwa. Mzee hakuwa akipamba. Alikuwa akitoa taarifa: mwamba ulikuwa unatoa mlio, ule mlio mfupi mkavu ambao wachimbaji huusikia kabla mawe hayajaachia. Kwake neno hilo lilikuwa kipimo, kama vile daktari anavyosema homa imepanda.

Nikalifuta "unalia" kwa mstari mwekundu, nikakaa kuiandika barua upya. Unisikilize vizuri hapa, maana ndipo kosa lilipozaliwa. Nilianza kwa utangulizi wenye kuvutia, kama tulivyofundishwa. Nikasema kuwa "sintofahamu kubwa imelikumba eneo letu la uchimbaji mithili ya wingu jeusi". Nikatia takriri, nikatia swali la balagha: "Je, tutaendelea kuishi hivi hadi lini?" Mimi niliyekataa tashihisi moja ya kweli niliingiza tamathali tano za uongo. Mwamba niliuita "changamoto za kimazingira". Hiyo nayo ina jina, tafsida, kupunguza ukali wa jambo; lakini wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilikuwa nimeyafunika maradhi kwa kanga maridadi.

Nilipomsomea Mzee Shija, alisikiliza mpaka mwisho. "Imejaa," alisema. "Lakini kulia kumekwenda wapi?"

"Kumo ndani, mzee. Kumefichwa kisanaa."

"Sawa, Madamu. Wewe ndiye uliyesoma. Ila mwamba haukusoma shule yako." Akaikunja barua, akampa mtu aipeleke.

Siku ya pili yake alikuja kijana mtanashati kwa bodaboda, jalada kwapani. Akaomba watu wakusanyike. "Ofisi imepokea barua yenu kuhusu sintofahamu," alisema. "Nimetumwa kusuluhisha. Pande mbili ziko wapi?"

Watu wakatazamana. Mzee Shija akajibu taratibu, "Upande mmoja ni sisi. Upande wa pili ni mwamba."

"Huyo Mwamba ni nani? Yupo hapa? Aitwe basi."

Kicheko kilichotoka pale, mwanangu, ninakisikia mpaka leo. "Ameshasema hatoki!" alipiga kelele mmoja. "Mfuate mwenyewe huko chini, mkuu!" Masanja alicheka kuliko wote, akashika tumbo. Mimi peke yangu sikucheka. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama, na kwa mara ya kwanza niliona yaliyokuwa yamebaki katika barua ile baada ya kuondoa mapambo: hapakuwa na kitu.

Kijana yule alikuwa mwungwana. Alipoelezwa, uso ulimbadilika, akasema yeye si mpimaji, na kwamba atarudi kumwarifu anayehusika. Akaondoka. Lakini kuja kwake kulikuwa kumeshafanya madhara. Watu waliokuwa wakikaa bila kazi walianza kusema serikali imefika, imeona, imeondoka. Kwa hiyo duara ni salama. Nani angewalaumu? Asubuhi iliyofuata, Mzee Shija akiwa bado hajafika, Masanja alishuka kuzitoa zana zilizokuwa zimebaki chini. Aliniaga kwa utani: "Madamu, nikimkuta Mwamba nitamsalimia."

Mlio niliusikia. Ulikuwa mfupi na mkavu, kama kuni inayovunjwa gotini, na baada yake vumbi likapanda mdomoni mwa duara kama pumzi.

Mzee Shija alikuwa njiani, alikuja akikimbia. Kamba ilikazika, maana yake kulikuwa na mkono hai upande wa pili. Wakaanza kuvuta, naye akawaanzishia wimbo, polepole, kwa sauti ambayo haikutetemeka. Vuta taratibu, kamba ina mtu. Vuta. Pale nilipodai silabi zimepungua, mikono ilibadilishana na kamba haikurudi chini hata shubiri moja. Mtu ana mama. Na huyo mama alikuwa amesimama kando yangu, kanga mdomoni, akivuta pumzi kwa kila "vuta". Wimbo ule usingeweza kuongezwa silabi moja, mwanangu. Nimesoma mashairi mengi tangu hapo, na sijakutana na mizani iliyotimia kama ile.

Masanja alipanda akiwa hai. Mguu wake wa kushoto haukuwahi kuwa mguu tena kwa namna ulivyokuwa. Tulimpeleka hospitali ya misheni Kolandoto, na tukiwa tumekaa kwenye benchi nje ya wodi nilingoja Mzee Shija anitukane. Nilitamani anitukane. Badala yake alivua kofia, akaiweka gotini.

"Ulijua jina la kulia," alisema. "Kulia kwenyewe hukukujua. Na hukuuliza."

Akaongeza: "Na mimi nina kosa. Nilisikia barua haina kitu, nikaona haya kumkatalia msomi. Sasa toa kalamu. Duara la jirani limeshikana na letu, na wenzetu wanashuka. Andika ninavyosema."

Nikatoa kalamu. Akasema, nikaandika. Alipofika kwenye "mala tano" nikasita. "Mzee, niandike mara?"

"Andika mara. Hilo nakuachia, ndilo ulilosomea." Kisha akaweka kidole kwenye karatasi. "Kulia usiguse."

Barua ile ilikuwa na sentensi nne. Mpimaji alifika kesho yake mapema, akasema alipoona maneno "mwamba unalia" hakuhitaji kusoma zaidi. Duara la jirani lilifungwa na watu wake wakapandishwa wote, wakinung'unika. Siku chache baadaye likaporomoka, tupu.

Mdharau mwiba mguu huota tende, na uchungu wa msemo huu kwangu ni kwamba mwiba niliudharau mimi, mguu ukawa wa mdogo wangu. Yeye hajawahi kunilaumu. Hunitania tu, kila nikimtumia ujumbe mrefu hunijibu, "Madamu, nani anagombana?"

Sasa swali la Kabula. Jana alikuwa akitafuta mifano yake mwenyewe ya tashihisi, akaandika: "Mguu wa baba hulia mvua ikikaribia." Akainua uso, akauliza, "Shangazi, hii ni tashihisi?"

Jibu la mtihani nilikuwa nalo ulimini. Nikalimeza, nikamwambia, "Mpigie baba yako, umuulize unalia vipi." Akampigia. Wakazungumza muda mrefu. Aliporudi mezani aliufuta mfano ule bila mimi kumwambia, akasema, "Si tashihisi. Unatoa mlio kweli, hapa kwenye goti. Amenisikilizisha kwa simu." Macho yake yalikuwa na maji, nafikiri ilikuwa mara ya kwanza kumsikia baba yake akiusimulia mguu ule.

Basi mwanangu, nasaha yangu haisemi usisome. Soma tashbiha na sitiari mpaka uzitambue gizani, hesabu mizani, r yako iwe r na l yako iwe l, kwa kuwa barua yenye makosa hupuuzwa na wavivu hata ikiwa na ukweli. Lakini kabla hujalipa jina neno la mtu, muulize analitumiaje. Unapoandika, jambo linaloweza kuua mtu liweke sentensi ya kwanza, kwa jina lake, bila kanga. Na ukiona maneno ya mkulima au mchimbaji ni mafupi, usikimbilie kuyajaza. Huenda hapo ndipo mikono inapobadilishana kamba.

Mungu akujalie sikio litakalotangulia kalamu yako. Akikupa maneno mengi, akupe na watu wasioona haya kukukatalia. Na siku mtu wako atakapokuwa chini, kamba iwe imara, na wanaovuta wajue pa kupumulia.