Bakuli la Maziwa Kando ya Gia

Enzi zetu pale Mtinko, baba yangu alikuwa na pikapu kuukuu, na aliiendesha kama mtu anayechunga ng'ombe. Nasema kweli. Alichunga tangu mtoto, udereva akaujulia ukubwani, basi akili ya malishoni akaihamishia barabarani. "Ng'ombe ukimkimbiza, maziwa yanakauka," alikuwa anatuambia. "Na gari ukilikimbiza, mafuta yanakauka."

Petroli tulikuwa tunaifuata mjini Singida, na siku nyingine unakuta pampu imefungwa mnyororo. Mshale wa mafuta ulishakufa, tulikuwa tunapima kwa kijiti. Kipimo cha uendeshaji nacho baba alikuwa na cha kwake: bakuli la mbao limejaa maziwa, halina mfuniko, kaliweka sakafuni kando ya gia. Ukiondoka kwa pupa yanamwagika. Ukikanyaga breki ghafla yanamwagika. Kwa hiyo akiona mbuzi kule mbali anaondoa mguu kwenye mafuta mapema, gari linapunguza lenyewe, mbuzi anapita na heshima zake. Na matairi tulijaza upepo sisi watoto kwa pampu ya mkono, tunapokezana, maana tairi laini, alisema, ni mtu anayetembea mchangani.

Siku ambayo haitanitoka ni ya kipaimara changu. Askofu alikuwa anakuja mjini, na ukimkosa unasubiri miaka. Wiki hiyo hiyo petroli ikaadimika. Baba akachovya kijiti kwenye tangi, akakitazama weee, kisha akasema mafuta yatatufikisha tukiwa na adabu. Adabu yenyewe ni kuondoka alfajiri, kabla upepo haujaamka. Upepo wetu mnaujua, ukikupiga usoni gari linasukuma ukuta.

Tukachelewa. Shangazi Maria, dada yake baba, ndiye alikuwa msimamizi wangu, na alikuwa hajamaliza kusukwa. Akaja jua limeshatoka, na gunia la viazi vitamu na majogoo wawili wa kumpa Askofu. Baba akashusha viazi. Akashusha na jogoo mmoja. Shangazi akanuna.

Tuko watoto sita nyuma, shangazi kasimama katikati yetu kafungua mwavuli, analinda nywele zake. Upepo ukaujaza, gari likaanza kulemewa. Baba akasimama, akashuka, akasema taratibu tu, "Dada, kaa chini ufunge huo mwavuli. Upepo unakushika wewe, mafuta yanaisha kwangu."

Kila mlima tulishuka garini tukapanda kwa miguu, gauni jeupe nimelikunja magotini, tunamwimbia Bikira Maria, baba kazima injini anatusubiri juu. Shangazi anafika wa mwisho, jogoo kwapani, anasema hata wana wa Israeli walikuwa wanapumzishwa. Mimi nilikuwa nasali moyoni. Ilinipasa kumwomba Roho Mtakatifu, lakini Mungu anisamehe, nilikuwa naombea kijiti.

Gari lilikohoa likazimika mbele ya geti la kanisa, kengele inagongwa. Baba hakutazama kanisa, alitazama bakuli. Limejaa. Baada ya misa tukayanywa yale maziwa watoto sita, tukarudi na lori la alizeti, yeye akabaki na gari lake siku mbili mpaka mafuta yalipokuja.

Nilipokuja kusoma masomo ya jioni, tayari mama wa watoto watatu, mwalimu akatufundisha jinsi upepo unavyozuia chombo kinachokwenda. Nikanyoosha mkono nikasema hayo nimeyasoma kwa mwavuli wa shangazi.

Sasa binti yangu Upendo ana gari lake dogo, na kila siku analalamika linakunywa mafuta. Kwenye buti kuna kreti la soda, viatu jozi nne na kiti cha plastiki cha harusi ya nani sijui. Gari linanguruma limesimama, yeye anajipiga picha. Juzi kanunua kichupa cha dawa ya kumwaga kwenye tangi, eti kinapunguza ulaji. Nikamwambia dawa iko mguuni kwako, mwanangu.

Jumapili tulikwenda kumsalimia babu yake. Nikaweka sufuria ya maziwa miguuni kwangu, bila mfuniko. Tulipofika Mtinko nusu ilikuwa kwenye kitenge changu. Upendo akampa babu shikamoo. Mzee akaitikia marahaba, akachungulia sakafuni mwa gari, akasema, "Mjukuu wangu, ng'ombe umemkimbiza."

Kabla hatujarudi akashusha kreti na kiti kwa mikono yake ya uzee, akampa bakuli lile lile la mbao, limejaa.

Lami siku hizi imenyooka, petroli iko kila kona, na hakuna anayeshuka garini akapanda mlima akiimba. Tulipoukaribia ule mlima mrefu tuliopanda kwa miguu siku ya kipaimara, Upendo akapunguza polepole, maziwa yakatikisika kidogo yakatulia. Hadithi hiyo nimemsimulia tangu mdogo, akanitazama kwa wasiwasi. "Mama, usiniambie tushuke."

Sikumwambia. Ila miguu yangu, Mungu shahidi, ilitaka kushuka.