Shujaa Aliyevaa Ngozi ya Mke wa Mtu

Mimi ni mtu ambaye hakuna kitu cha kunishangaza. Niliacha shule darasa la tano, nikajifunza kushona kwa kufumua mitumba ilipoanza kumiminika sokoni Mbulu, na mkoa wetu wa Manyara ulipozaliwa nilikuwa tayari na cherehani sita na nyumba ya bati. Kwa hiyo mwongozaji wa filamu alipokuja kuuliza nani anaweza kumvalisha shujaa anayeruka angani, hakuna aliyetajwa ila mimi.

Misuli nilimchongea kwa sponji ya godoro, nikaifunika kwa fulana ya kubana. Kifuani nilitaka kitu ambacho mjini hawajakiona. Mnadani nikamkuta mzee mmoja wa wafugaji anauza sketi ya ngozi ya mkewe, imelainishwa kwa samli, mikunjo myembamba, shanga pembeni. Nikanunua, nikaikata, nikaishonea kifuani na mabegani. Mwongozaji alipoiona aliizunguka mara tatu. Mtu wa mjini akikizunguka kitu hivyo, ujue umempata.

Tukaenda Balangdalalu, kijiji cha wafugaji, kupiga picha. Kamera ilikuwa ya kukodi, jioni inarudi. Shujaa asiporuka siku hiyo hakuna filamu, na mimi silipwi. Tulitundika kitambaa cha kijani, tukamfunga shujaa kamba, tukaipitisha juu ya tawi la mgunga, wanaume wa pale wakavuta.

"Hiyo kamba nitaifuta," alisema fundi wa kompyuta. "Kijani naifuta, naweka mawingu. Mimi nafuta chochote."

Mruko wa kwanza ukatoka safi. Wa pili, shujaa akiwa juu kabisa, tukasikia wimbo. Wanawake walikuwa wanakuja, kundi zima, fimbo mkononi, bila haraka.

"Ni wake zetu," mvuta kamba mmoja akasema, akaachia.

"Si uwaambie wasubiri?" nikamuuliza.

"Wakija na fimbo hivi ni baraza lao, wanakuja kutoza mtu. Hawaambiwi kitu, fundi." Na wenzake wakaachia.

Nikabaki na kamba peke yangu, inanichana viganja, shujaa juu analia, "Fundi, usiniachie!" Sikumwachia. Nilimshusha taratibu, mtu mzima na sponji zake, na hadi leo sijaona mwingine wa kuweza.

Mama mmoja mtu mzima akatoka mbele.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Akagusa shanga kifuani kwa shujaa.

"Hizi nimezishona mimi."

"Nimenunua kwa mumeo, mama. Halali, mnadani."

Wakacheka wote, kicheko kisicho na utani.

"Mume wangu auze ng'ombe wake. Hii ni ngozi ya ndoa yangu, haina mnada. Yeye tumeshamtoza fahali asubuhi. Na wewe umeikata, ukamvalisha mwanaume!"

Niliwatazama wale wanaume. Kila mmoja alikuwa anatazama majani.

"Vua," akamwambia shujaa. Akavua, akabaki na godoro lake. Mwongozaji akaninong'oneza kwamba tusijali, mruko wa kwanza umo kwenye kamera. Mama akasikia.

"Hicho kitu kimeshika ngozi yangu?"

"Wanasema wanafuta chochote," akadakia yule mvuta kamba wa kwanza kuachia, sasa yuko upande wa wanawake.

"Basi wafute."

Wanawake walikuwa wameshakaa barabarani, mbele ya gari letu. Mwongozaji akatazama jua, akanitazama mimi.

"Futa," nikasema. Fundi wa kompyuta akafuta, mama akiwa amesimama nyuma yake mpaka kioo kikawa cheusi.

Nikavua jaketi langu la ngozi, la mtumba, nililolipenda kuliko koti la harusi, nikalipasua kwa wembe, nikamshonea shujaa akiwa amesimama. Akina mama wakataja faini, fahali mweusi asiye na doa, nikakubali, ndipo wakawaruhusu waume zao kushika kamba. Jua likiwa linagusa mlima, shujaa akaruka. Filamu ikapatikana, nikalipwa.

Fahali mweusi asiye na doa hapatikani kirahisi. Nilimpata huko Dirma, na mwenye ng'ombe hakupunguza hata senti: shilingi laki mbili na elfu themanini na tano, karibu malipo yangu yote ya filamu.