Mkebe wa Kijani Juu ya Friji

Jumapili ile nilikimbia mitaa mitatu na kandambili moja mguuni, nikienda kumzuia bibi yangu asilewe bangi mbele ya Padri.

Nilichelewa.

Nilipoingia ukumbi wa parokia, bibi alikuwa katikati ya meza za chakula, anacheza.

Bibi yangu Eufemia ana miaka themanini na moja. Magoti yake yalistaafu kucheza kabla mimi sijazaliwa.

Na mkebe uliokuwa mkononi mwake niliuchora mimi.

Tuanzie Ijumaa.

Naitwa Noemi. Nilimaliza chuo mwaka jana, fani ya michoro, nikapata kazi hapa hapa kwetu Pueblo, Colorado, kwenye kiwanda kidogo cha pipi za bangi. Msishtuke. Kwetu ni halali. Mtu mzima anaonyesha kitambulisho dukani, ananunua, anaenda zake.

Nilikuwa kwenye miezi ya majaribio. Jumatatu bosi angeamua: mkebe wangu wa kwanza uende kuchapwa nami niajiriwe, au nirudi kuuza kahawa.

Jamani, nilikuwa na ndoto na ule mkebe. Mifuko mingi ya bangi ina rangi za kupiga kelele, zambarau, radi, herufi kama zinaungua moto. Nikasema wangu utakuwa na heshima. Kijani iliyopoa, tawi moja la mpichi, na neno moja tu katikati: "Pumzika."

Alama ya bangi inayotakiwa na sheria niliiweka. Ila niliiweka pembeni kabisa, kwa udogo wa mwisho unaoruhusiwa, isiniharibie picha.

Bosi wetu, mama mmoja anaitwa Lorna, akaugeuzageuza.

"Mzuri," akasema. "Mzuri mpaka unanitia wasiwasi."

"Wasiwasi wa nini tena, bosi?"

"Nenda nao nyumbani. Uweke mahali watu wenu wanapopita, usiwaambie kitu. Jumatatu utanisimulia."

Hiyo ni desturi yake. Kila mkebe mpya lazima ulale nyumbani kwa mtu wikendi moja kabla ya kuchapwa.

Ulikuwa umefungwa, umejaa, lebo imekamilika: miligramu kumi za kilevi kila kipande. Nikauweka juu ya friji, pembeni ya mfuko wa zambarau wa mjomba Beto, ambaye hutumia hizo pipi kwa ajili ya mgongo wake. Kwetu hakuna mtoto. Nikalala kwa amani.

Jumapili saa tano naamka, mfuko wa Beto umesogezwa. Mkebe haupo.

"Mjomba! Umeuona mkebe wangu?"

"Mkebe gani? Ule wa dawa ya koo? Bibi yako kaenda nao kanisani, leo kwaya yao imeimba."

Nikatafuta kandambili, nikapata moja.

Ndiyo nikatoka na ile kandambili moja.

Sasa niko ukumbini. Bibi anacheza. Rafiki yake Ofelia, sauti ya pili, anacheka mpaka anafuta machozi. Padri Anselmo ana sahani ya nyama ya nguruwe na pilipili za kijani, na shavu moja limetuna.

"Padri, tema!" nikapiga kelele.

Ukumbi mzima ukanigeukia.

"Nini, binti?"

"Hicho kilicho mdomoni ni bangi!"

Padri akatema kwenye leso. Ofelia akajishika kifua. "Mungu wangu! Mimi nimekula tatu!"

"Mimi nne," akasema bibi, bado anacheza. "Kumbe ndiyo maana magoti yamekaa vizuri!"

"Bibi, kwa nini ulichukua kitu juu ya friji bila kuuliza?"

Akasimama, mikono kiunoni. "We mtoto, unanifundisha? Bangi ya Beto naijua, ule mfuko unapiga kelele kama gari la zimamoto. Niliusogeza pembeni kwa heshima zake zote. Nikachukua hizi za koo."

"Nani kakwambia ni za koo?"

"Mkebe! Kijani, majani, 'pumzika'. Hata mfuniko unaubonyeza ndiyo uzunguke, kama wa vidonge vyangu vya presha. Aliyetengeneza huu mkebe alitaka nini kama si kunidanganya?"

Nikakaa kwenye kiti nikalia, mbele ya kwaya nzima. Nikamwambia aliyeutengeneza ni mimi.

Nikampigia Lorna.

"Bosi, bibi yangu kala nne! Na wanakwaya, na Padri!"

"Tulia, Noemi. Ni pipi za pichi tupu. Chenye bangi hakitoki kiwandani kwetu ila kwa njia ya duka lenye leseni. Wewe umekaa na michoro yako tu, hujawahi kutia mguu kule tunakopika?"

Nikaweka simu sauti ya juu, akarudia.

Ofelia, aliyekuwa ameanza kucheka tena, akaacha ghafla, kama mtu aliyezimiwa redio.

Bibi akatazama magoti yake. "Sasa haya yamepona na nini?"

"Na imani, Mama Eufemia," akasema Padri, akaichungulia leso yake kwa masikitiko. "Na ilikuwa tamu kweli."

Ukumbi ukavunjika mbavu.

Usiku sikucheka. Ningeweza kumwambia Lorna kwamba yaliishia kwa kicheko tu. Lakini nilimfikiria bibi wa mtu mwingine, na mkebe wenye bangi kweli.

Jumatatu nikasema yote. Nikamalizia: "Usiuchape, bosi. Unadanganya. Kama ni kurudi kwenye kahawa, nitarudi."

Lorna akafungua kabati, akatoa boksi zuri la waridi. "Hili nililichora mimi, miaka tisa iliyopita. Baba mkwe wangu alimkaribisha nalo fundi bomba, akidhani ni biskuti za chai, kumbe ni za bangi. Mimi sikukiri kwa wiki nzima. Wewe umekuja siku ya kwanza. Kaa, uchore upya."

Nikachora upya, bibi amesimama begani kwangu na miwani yake.

"Kubwa zaidi. Bado sioni. Ongeza!"

Leo uko madukani. Tawi la mpichi lipo, dogo. Juu yake, herufi nyeusi zinazosomeka hata bila miwani: HII NI BANGI. Chini yake: Si dawa ya koo.

Ule wa zamani bibi anawekea sindano na vifungo.

Nilidhani kelele ndiyo uongo na upole ndio ukweli. Kumbe nia yako njema hakuna anayeisoma. Watu wanasoma ulichoandika, na kwa ukubwa ulioandika.

Wiki iliyopita bibi aliuchukua mkebe mpya, akausoma mpaka mwisho bila kukunja uso.

"Huu sasa una adabu," akasema. "Niletee mmoja kutoka dukani. Magoti yamegundua zile pipi zilikuwa za bandia."